Gurudumu la Nyuma, la Kulia

Mvua ya Galisia hainyeshi, inakaa.
Ilikaa miezi kumi na mmoja juu ya Reno ya baba,
gari la mwaka sabini na nane, rangi ya maziwa yaliyochacha,
ubavuni mwa ghala la mahindi lenye miguu ya mawe,
hadi gurudumu la nyuma, la kulia,
likasahau kwamba ni gurudumu.

Nimetoka Vigo na mfuko wa spana za kuazima.
Mnunuzi anakuja Jumamosi. Leo Alhamisi.
Mama yangu, Eudosia, kasimama mlangoni,
anapukuchua maharage bila kuyatazama.
"Usililaumu gari," asema. "Ni yeye aliyevuta breki."

Ni yeye. Novemba, usiku, katoka kiwanda cha mbao,
akavuta breki ya mkono kama alivyoivuta siku zote,
meno matatu, manne, mpaka la saba,
mtu asiyeiamini ardhi hata ikiwa tambarare.
Akaingia ndani, akasema supu imepungua chumvi.
Asubuhi hakuamka kuishusha.

Naishusha mimi. Inashuka kirahisi mno,
kama kamba ya kengele iliyokatikia juu.
Kule nyuma viatu vya breki vimeganda kama luba
kwenye ngoma yao: kutu imeviozesha,
kwa maana zote mbili za neno hilo.

Anakuja Amaro, jirani, mchonga mawe mstaafu,
na nyundo ya kilo mbili na kipande cha mkaratusi.
"Usipige kwa hasira. Piga kwa kuzunguka.
Chuma hakiogopi nguvu, huchoshwa na kelele."
Tunapiga jeki. Tunamimina mafuta ya kulegeza kutu,
tunangoja muda wa sigara mbili, zote zake.
Ngo. Ngo. Ngo.
Mbwa wa kijiji kizima wanajibu.
Ngoma inalia, ila haichezi.
Naapa kwa lugha ambayo mama anajifanya haijui.
Kidole changu kinachubuka,
damu na kutu haviachani rangi.

Amaro anakwenda kuleta tochi ya gesi,
ile ya kuchomea manyoya ya nguruwe siku ya kuchinja,
na ua mzima unanuka Desemba.
Ngo.
Saa kumi jioni tumeshinda nini? Nati moja.

Ndipo mama anapoweka bakuli chini,
anajifuta mikono kwenye aproni. "Lishusheni."
Anaingia upande wa usukani.
Sijapata kumwona hapo; ana miaka sabini na mmoja.
Baba alimfundisha kiangazi kimoja tu, kabla sijazaliwa,
akakanyaga kabichi safu nzima,
na tangu siku ile, walisema, hapakuwa na haja.

Betri ya trekta ya Amaro, nyaya mbili, cheche,
injini inakohoa, inakumbuka.
Mkono wa mama unajua gia iliko,
ule mpini wa mwavuli utokao kwenye dashibodi.
Mbele. Nyuma. Mbele. Nyuma.
Magurudumu matatu yanakwenda, la nne linaburutwa
kama mtoto siku ya kwanza ya shule,
linachora topeni mstari mmoja mnene.
Mbele. "Eudosia, utavunja ekseli!" Nyuma.

TAK.

Amaro akavua kofia, sijui kwa nini.
Gari likapita kisima, likapita ghala,
likaenda taratibu hadi ukingoni mwa kabichi
likasimama, pua ikigusa jani la kwanza.

Nikakimbia, nikaketi kando yake.
Mkono wangu, kwa mazoea ya damu, ukaenda kwenye breki.
Akaupiga kofi jepesi, kiganja chake kikinuka maharage.
"Tia gia. Kisha tafuta jiwe."
"Mama, Jumamosi yule mtu…"
"Jiwe," akasema,
mikono yote miwili usukanini, injini imezimwa,
mvua imekaa juu yetu.
Nikashuka kutafuta.